Maji ya Rangi ya Chai

Siku ya kura ya jeshi Phanu alichomoa karatasi nyekundu.
Nyeusi ndiyo inayokurudisha nyumbani.
Hakulia. Alikuja na tangi la kioo, lita kumi na tano,
ndani yake samaki mmoja, mwekundu vilevile,
mapezi kama kile kitambaa ninachokataa kukishona
kwa kuwa huchanika ukikitazama tu.

"Bibi, nitunzie. Miaka miwili si mingi."

Hakujua, au alijua akanyamaza,
kwamba baba yangu, Inta, alikuwa nao hawa,
chupa thelathini, na kadibodi katikati
wasionane wakamaliza hasira bure;
na kwamba shamba letu la mpunga, lile la upande wa ziwa,
liliondoka alasiri moja
kwa samaki aliyegeuza mgongo.
Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliziosha chupa zote
akawekea pilipili.

Basi mimi nawe, samaki, tulianza vibaya.

Maagizo yamebandikwa juu ya cherehani:
*Tembe tatu asubuhi, tatu jioni.
Tumbo lake ni kubwa kama jicho lake, usimhurumie.
Siku ya hekalu afunge, kama wewe.
Kila wiki toa robo ya maji. Robo, Bibi, si yote.
Ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo.
Mfuniko uwepo, ila pumzi ipite: huja juu kuvuta hewa.
Saengla asimwekee kioo ili acheke.*

Nilisoma. Nikampa tembe tisa.
Nimelea watoto wanne, sikuwahesabia wali.

Siku ya tatu alivimba, akaelea ubavu,
jicho moja likanikodolea kama la mdai.
Niliogopa, na si kwa ajili yake.
Utamwambia nini kijana anayelinda mpaka usiku?

Nikaacha kumlisha siku mbili. Nikahesabu.

Nyuma ya zahanati kuna mkungu.
Naokota majani yaliyoanguka yenyewe, ya kahawia,
nayasuuza, naliacha moja juu ya maji,
na kesho yake kutwa tangi zima ni chai.
"Limechafuka," anasema Saengla.
Namwambia wewe unywe yako, mwache naye anywe yake.

Kisha Desemba. Hapa Phayao ukungu hutoka ziwani
ukaingia ndani bila hodi.
Usiku ule umeme ulikatika, kile chuma cha kupasha maji kikafa,
naye akashuka chini kabisa, mapezi ameyakunja
kama mwavuli wa mtu aliyefika.
Nililizungushia tangi blanketi la Phanu.
Halikutosha.
Jikoni ilibaki chupa moja ya zile thelathini.
Nikamwaga pilipili, nikaisugua kwa chumvi, nikaisugua tena,
nikaijaza maji moto, nikaiziba, nikaieleza tangini.
Ilipopoa nikaijaza upya. Mara saba, au nane.
Kwenye saa tisa alipanda polepole
akaegemea kioo cha ile chupa, kwa nje.

Sikusema kitu. Ningemwambia nani?

Asubuhi ya siku ya nne, chini ya jani,
povu: punje ndogondogo zimeshikana pembeni.
Kiota. Dume hujenga akiwa mzima.
Jike hayupo. Hajawahi kuwapo.
Nikachota robo yangu kwa kikombe, kutoka chini,
mkono ukitetemeka, nisilivunje lile povu,
na cherehani ikangoja hadi saa sita.

Phanu alipiga simu Jumapili, sauti inakatikakatika.
"Anakula?"
"Tatu asubuhi, tatu jioni."
"Na wewe je, Bibi?"
Nikamwambia huku kuna baridi.
Nikamwambia blanketi lake limelowa,
nimelianika, litakauka.